Huduma kwa Mteja: Mwananchi Dirishani Ni Mwenye Haki, Si Mwombaji wa Hisani

Kila mwaka, katika wiki ya kwanza ya Oktoba, taasisi za umma na kampuni binafsi nchini Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Wiki ya Huduma kwa Wateja. Mabango hutundikwa, keki hukatwa na wateja hushukuriwa. Hata hivyo, kipimo cha kweli cha huduma huonekana katika wiki zinazobaki: je, mtu anayesimama mbele ya dirisha la ofisi hupokelewa kama mteja mwenye haki, au kama mwombaji anayesubiri hisani?

Wananchi wengi huamini kuwa sekta binafsi humjali mteja kuliko sekta ya umma. Dukani husemwa kuwa mteja ni mfalme, ilhali katika ofisi ya umma mtu huingia akiwa amejiandaa kuambiwa “njoo kesho”. Kwa mkazi wa kijijini, maneno hayo mawili yana maana ya nauli nyingine ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nyingine ya kazi iliyopotea.

Tofauti hiyo haitokani na tabia za watumishi pekee. Chanzo chake kikubwa ni uwezo wa kuchagua. Mwenye duka anafahamu kuwa mteja asiyeridhika atavuka barabara na kununua kwa jirani. Katika mawasiliano, tangu mwaka 2017 mtumiaji wa simu ya mkononi anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Lakini anayehitaji pasipoti huenda Idara ya Uhamiaji tu, na hati ya ardhi haitolewi na taasisi mbili zinazoshindana.

Kwa kuwa mwananchi hawezi kuhama, nafasi ya ushindani huchukuliwa na ahadi ya maandishi. Hiyo ndiyo kazi ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja, utaratibu ulioenea katika taasisi za umma kupitia Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma iliyoanza mwaka 2000. Mkataba huo hutaja huduma zinazotolewa, muda wa kuzikamilisha, haki na wajibu wa mteja, pamoja na njia za kuwasilisha malalamiko. Mwananchi anayeufahamu haulizi tena “nije lini?”, bali hueleza kuwa muda ulioahidiwa umekwisha na kuomba kujulishwa sababu.

Aidha, huduma bora haiishii kwenye tabasamu. Mtumishi mwenye lugha ya staha hawezi kumsaidia mama aliyesafiri mbali kufuata cheti cha mtoto iwapo utaratibu wenyewe ni mrefu. Mfano wa mageuzi ni mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kusajili watoto walio chini ya umri wa miaka 5, ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013. Mpango huo ulisogeza usajili na utoaji wa vyeti hadi kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, mahali ambapo wazazi hufika kwa shughuli nyingine.

Kwa upande wa sekta binafsi, ufalme wa mteja nao una mipaka. Mtu aliyekwisha kusaini mkopo, au anayeishi mahali penye mtoa huduma mmoja, hana uhuru wa kuondoka. Ndiyo maana Serikali imeweka wasimamizi, wakiwemo Benki Kuu kwa huduma za fedha, TCRA kwa mawasiliano, LATRA kwa usafiri wa ardhini na EWURA kwa nishati na maji. Kwa kawaida, mteja huanza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe na kutunza ushahidi, kisha hufika kwa msimamizi endapo hakuridhika.

Katika ofisi za umma, mwananchi anashauriwa kuandika tarehe aliyohudumiwa, jina la mtumishi na namba ya jalada, kisha kufika kwenye dawati la malalamiko la taasisi husika. Vilevile, anaweza kutumia mfumo wa e-Mrejesho kutuma malalamiko, maoni au pongezi. Anapoombwa rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kupitia namba 113.

Haki hizo huendana na wajibu. Mteja hutakiwa kutoa taarifa za kweli, kufika na nyaraka kamili, kumheshimu mtumishi na kutotoa rushwa ili kuruka foleni, kwani kisheria mtoaji na mpokeaji wote hutenda kosa. Mtumishi naye hutakiwa kukumbuka kuwa anayesubiri nje ya dirisha amekwisha kuilipia huduma hiyo kupitia kodi yake.