Zambezi na Miezi Yake

Mtu aliyezuru Maporomoko ya Victoria mwezi wa Aprili na mwingine aliyekwenda Novemba wanaweza kubishana mpaka chai ipoe, kila mmoja akiapa kuwa mwenzake alipelekwa kwingine. Wa kwanza atasimulia mngurumo, manyunyu yaliyomlowesha mpaka nguo za ndani, na ukungu mzito uliomzuia kuona chini. Wa pili atasimulia mwamba mweusi mkavu na vijito vichache vinavyoteremka hapa na pale, na bonde refu alilolitazama hadi kwenye sakafu yake. Wote wawili wanasema kweli.

Maporomoko hayo, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yako mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Upana wake ni mita 1,708, na mahali penye kina kirefu zaidi maji huanguka mita 108. Si marefu kuliko yote duniani wala si mapana kuliko yote, ila ukichanganya urefu na upana, ni vigumu kupata pazia la maji linaloyazidi. Mto ukijaa, pazia hilo huenea ukingo mzima, na manyunyu hupanda mamia ya mita angani kisha hurudi kama mvua. Upande wa pili wa bonde umeota msitu mbichi unaonyweshwa na manyunyu hayo, ilhali hatua chache tu kutoka hapo nchi ni kavu.

Mgeni huenda akashangaa kwa nini mafuriko huja Aprili, wakati masika ya huko hunyesha zaidi Desemba na Januari. Jibu liko mbali juu ya mto. Zambezi huanzia Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, hupita Angola, kisha hurudi Zambia na kuingia katika uwanda wa Barotse. Hapo mto husahau kingo zake. Maji husambaa kwenye majani ya uwanda huo mpana na kujikokota kwa majuma kadhaa kabla ya kuendelea na safari. Walozi wanaoishi humo wanaijua tabia hiyo vizuri, na wameijengea sherehe nzima. Maji yakipanda, mfalme wao, Litunga, huondoka Lealui kwa mashua kubwa iitwayo Nalikwanda, ngoma zikipigwa, na kuhamia Limulunga kwenye nchi ya juu. Sherehe hiyo ni Kuomboka. Ni kama tangazo kwamba maji mengi yamo njiani kuelekea maporomoko.

Mmisionari Mskoti David Livingstone alifika Novemba. Tarehe 16 mwezi huo mwaka 1855, Wamakololo waliokuwa wakimsindikiza walimpeleka kwa mtumbwi mpaka kisiwa kilicho kwenye ukingo wenyewe wa maporomoko, akajilaza kifudifudi na kuchungulia. Vitabu husimulia tukio hilo kana kwamba ushujaa ulikuwa wa mgeni peke yake, lakini kilichomfikisha ni ujuzi wa wapiga makasia na mto uliokuwa umepungua. Angekuja Aprili, kisiwa hicho kisingefikika. Mwaka 1860 alirudi kupima kina kwa kamba iliyofungwa risasi, na miongoni mwa aliofuatana nao alikuwemo daktari John Kirk. Wasomaji wa pwani wanamjua Kirk kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja mwaka 1873, Sultani Barghash aliposhinikizwa kulifunga soko la watumwa.

Basi anayetaka picha ya maji mengi na aende kati ya Machi na Mei, akodi koti la mvua na aifunge simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Anayetaka kutiwa hofu na asubiri maji yapungue, kuanzia Agosti hivi hadi mwisho wa mwaka.

Wakati huo ndipo watu huogelea katika Devil's Pool, dimbwi lililo ukingoni kabisa, ambako kizingiti cha mwamba humzuia mwogeleaji asichukuliwe na maji. Hakuna anayeruhusiwa kwenda bila mwongozaji. Na wakati huo huo ndipo boti za mpira huteremka katika korongo lililo chini ya maporomoko, kwenye mojawapo ya njia kali zaidi duniani kwa mchezo huo. Abiria hushuka kwa miguu mpaka chini, huvaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, hufundishwa namna ya kushika kasia na namna ya kuelea ukitupwa nje. Somo hili la mwisho si la mapambo, maana boti hupinduka mara kwa mara. Kazi ngumu kuliko zote pengine si ya abiria hata kidogo. Ni ya vijana wanaobeba maboti na vifaa, wakipanda na kushuka kuta za korongo katika jua la Oktoba.

Korongo hilo lina historia ya ajabu. Mwamba wake ni basalti, uliotokana na lava iliyomwagika takriban miaka milioni 180 iliyopita. Una nyufa zilizojaa mawe laini zaidi, na mto huzichimba ufa mmoja baada ya mwingine, ukisogeza maporomoko nyuma kuelekea juu ya mto. Ndiyo sababu korongo linapinda kulia na kushoto: kila kipande kirefu kinachokatiza njia ya mto kiliwahi kuwa maporomoko. Anayepita na boti anapita chini ya kuta ambako maji yalianguka zamani, kabla hayajahamia yalipo leo.

Juu ya vichwa vya wapiga makasia kuna daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1905, mita 128 kutoka majini. Leo watu hujirusha kutoka hapo wakiwa wamefungwa kamba ya mpira miguuni. Agosti 1975 daraja hilo lilikuwa na shughuli nyingine: behewa liliegeshwa katikati, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akakaa upande wa nchi yake na viongozi wa wapigania uhuru upande wa Zambia, wakazungumza bila yeyote kuvuka mpaka. Mazungumzo yalivunjika.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, barabara hupita Tunduma hadi Lusaka, kisha kilomita zisizofika 500 kuelekea kusini hadi kwenye maporomoko. Safari ni ndefu, na mgongo utalalamika.

Anayeiota safari ya boti afahamu pia kwamba kuna mpango wa miaka mingi wa bwawa la umeme katika korongo la Batoka, kilomita zipatazo 50 chini ya maporomoko. Lingezalisha megawati 2,400 za kugawana Zambia na Zimbabwe. Maporomoko yenyewe yangebaki, lakini ziwa la bwawa lingefunika sehemu kubwa ya mawimbi yanayowapa kazi waongozaji na wabebaji. Si rahisi kuwalaumu wanaolitaka. Ukame wa mwaka 2024 uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, nyumba nyingi za Zambia zilikaa gizani saa nyingi kila siku, na vinyozi na mafundi wa kuchomelea vyuma walikosa riziki sawa na ambavyo wabeba maboti wa Batoka wangeikosa.