Goti la mwanafunzi na ukurasa wa michezo

Vijana wetu wengi wakimaliza kidato cha nne siku hizi hupanda bara. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika utavikuta vyuo vikuu vimepangana: Kenyatta pale Kahawa, Zetech Ruiru, Jomo Kenyatta Juja, Mount Kenya mjini Thika. Wadi ya Gitothua, huko Ruiru, imejaa ploti za vyumba vya kupanga, na ukipita jioni hukosi kusikia lafudhi ya Kisauni au Malindi. Baadhi yao mchezo ndio uliowapeleka. Wanacheza kikapu, handiboli, soka au raga, na chuo kimewapunguzia karo kwa sababu hiyo.

Michezo ya vyuo zamani haikuwa na mwandishi. Sasa kila timu ina kurasa za Facebook, X na TikTok zinazoifuata, nyingi zikiendeshwa na wanafunzi wenyewe kwa simu na bando. Kazi yao naiheshimu, maana magazeti makubwa ya Nairobi hayakujali mechi hizi. Lakini kuna jambo moja ambalo kurasa hizo, na redio zetu pia, hazijalishika vizuri: mchezaji akiumia, nini kinaandikwa na nini kinaachwa.

Mwana wa dada yangu anaishi Gitothua na anachezea chuo ambacho sitakitaja. Muhula uliopita aliruka kugombea mpira, akatua vibaya, wenzake wakambeba hadi pembeni. Mechi ilikwisha saa kumi na moja jioni. Kabla ya adhana ya isha, ukurasa mmoja wenye maelfu ya wafuasi ulikuwa umeshaweka picha yake amejishika goti, jina lake kamili, jina la hospitali aliyopelekwa, na maneno kwamba kano ya goti imekatika na msimu wake umekwisha. Dada yangu yuko Kisauni. Habari alizipata kwa jirani aliyebisha hodi kumpa pole.

Nilimpigia kijana. Akaniambia, "Mjomba, daktari mwenyewe hajui bado. Kaniambia nisubiri nipigwe MRI." Ilikuja kujulikana kwamba mwenye ukurasa alimpigia simu mtu mmoja wa benchi la timu, naye akajibu alivyodhani, kwa nia njema kabisa. MRI ilionyesha nini? Hilo sitalisema. Kijana ameniruhusu niandike yale yaliyokwisha kutangazwa, basi.

Tangu hapo nimeulizwa na watu kadhaa kama sheria ya Kenya ina neno juu ya jambo hili. Inayo, na si neno moja.

Tuanze na Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na ndani ya haki hiyo imo kwamba habari za familia yake au mambo yake ya binafsi zisitakwe wala zisifichuliwe bila ya haja. Haisemi "kila mtu isipokuwa mwanamichezo". Kuvaa jezi ya chuo hakumwondoi mtu kwenye ibara hiyo.

Halafu iko Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019. Sheria hii imetenga fungu inaloliita data nyeti, na hali ya afya ya mtu imo humo pamoja na kabila lake, imani yake na alama zake za vidole. Kifungu cha 46 kinasema data ya afya ishughulikiwe na mtoa huduma za afya, au mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri ya kazi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaamuru habari za mgonjwa ziwe siri. Kwa hivyo kocha au meneja wa timu akijua goti la mchezaji lina nini, amelijua kwa sababu ya cheo chake, na akilitoa kwa simu bila ya idhini ya mwenye goti, chuo kinaweza kubebeshwa mzigo huo.

Hapo vyuo hupenda kujitetea kwa fomu. "Alitia saini alipojiunga na timu." Ukiisoma fomu yenyewe mara nyingi utaona inahusu picha za kutangaza chuo: kijana ameshika kombe, anatabasamu. Sheria inataka ridhaa iwe ya wazi, kwa shughuli inayojulikana, na anayedai aliipata ndiye anayetakiwa kuithibitisha. Aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Ridhaa ya kupigwa picha na kombe haigeuki kuwa ridhaa ya kutangaziwa matokeo ya MRI.

Na afisi ya Kamishna wa Data, inayojulikana kwa herufi ODPC, imeshaonyesha kwamba hatanii mtu. Septemba 2023 ilitangaza faini ya shilingi milioni 4.55 kwa Roma School ya Uthiru kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila ya ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa picha tu, wala hakukuwa na habari ya hospitali ndani yake.

Sasa mwandishi wa habari atasema: mbona mnatufunga mdomo? Hapana. Uhuru wa vyombo vya habari uko kwenye Ibara ya 34 ya Katiba hiyo hiyo, na kifungu cha 52 cha Sheria ya Kulinda Data kimewaachia wanahabari mlango. Mlango huo una masharti yake: mchapishaji awe anaamini, kwa sababu za kueleweka, kwamba kuchapisha ni kwa maslahi ya umma. Maadili ya Baraza la Vyombo vya Habari yanafuata njia hiyo hiyo. Yanataka haki ya umma kujua ipimwe na faragha ya anayeandikwa, na yanamtaka mwandishi ajitambulishe na aombe ruhusa kabla ya kuingia sehemu za hospitali zisizo za watu wote. Udadisi wa mashabiki na maslahi ya umma ni vitu viwili tofauti.

Mimi mpaka wenyewe nauona mwepesi. Yaliyotokea mbele ya watazamaji ni habari. Kijana alianguka robo ya tatu, hakurudi, timu yake ikashindwa kwa pointi tisa: andika. Watu mia mbili wameona. Daktari alichomwambia ndani ya chumba hakuna mtazamaji aliyekiona, na hicho ni chake mpaka aseme mwenyewe. Mwandishi anaweza kumuuliza kocha, "Atacheza Jumamosi?" na akapata jibu la kutosha habari nzima. Akiuliza, "Ana nini?" ameshavuka. Nasi Waislamu tusisahau kwamba Sura al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kuchunguzana, na haikuwatoa watu wa magazeti.

Kuna jambo litakalowaudhi wazazi, na dada yangu lilimuudhi. Kijana akishatimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Hospitali hailazimiki kumwambia mama yake, na kwa kweli haitakiwi kumwambia bila ya idhini ya kijana. "Nimemzaa mimi, nimelipa karo mimi, na mimi pia nikatazwe?" Ndiyo, dada, na wewe pia. Dawa yake ni ndogo: kijana aandike mapema, kwenye karatasi ya timu, jina na nambari ya anayetaka apigiwe kwanza akiumia, na aseme aelezwe mambo kwa kiasi gani. Kwa wachezaji wa sekondari, na wale wa mwaka wa kwanza walio na miaka 17, mambo ni mengine, kwani hao bado ni watoto na ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Pengine unauliza, goti ni goti, hasara iko wapi? Kijana wa chuo hana mkataba wala wakala wala mwanasheria. Ana punguzo la karo linalotazamwa upya kila mwaka, na ndoto kwamba klabu fulani itamwita. Kocha wa klabu hiyo ataandika jina lake kwenye intaneti, na kitu cha kwanza kutokea ni ule ukurasa unaosema kano imekatika. Ikiwa haikukatika, nani atakayekwenda kusahihisha? Na ikiwa ilikatika kweli akapona, mpinzani wake wa mechi ijayo ameshajua ni goti lipi la kugongwa.

Wapo waliopitia makubwa kuliko haya. Marko Cheseto, mkimbiaji kutoka Pokot Magharibi, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alaska, Anchorage, Marekani. Novemba 2011 alipotea kwenye baridi kali kwa siku kadhaa. Alipotafutwa, jina na picha yake vilistahili kusambazwa kila mahali, kwa sababu uhai wake ulitegemea mtu kumtambua. Alipopatikana, miguu yake ilikuwa imeganda, na madaktari wakalazimika kuikata yote miwili. Kuanzia hapo haja ya umma ilikuwa imepungua sana. Kwa nini aliingia msituni usiku ule, na alikuwa na uchungu gani moyoni baada ya kufiwa na mwenzake wa timu mapema mwaka huo, hayo aliyasimulia mwenyewe hadharani baadaye. Mwaka 2019 alikimbia marathoni ya Boston kwa miguu bandia kwa saa 2, dakika 42 na sekunde 24. Simulizi yake ina nguvu kwa kuwa imetoka kinywani mwake, na imewafaa vijana wengi wenye msongo wa mawazo.

Caster Semenya wa Afrika Kusini hakupata nafasi hiyo. Alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pretoria, aliposhinda mita 800 huko Berlin Agosti 2009. Mwezi uliofuata gazeti moja la Sydney likachapisha kile lilichodai kuwa ni matokeo ya vipimo vya mwili wake, huku shirikisho la riadha la dunia likiwa halijatangaza lolote. Mpaka leo watu wanautaja mwili wake kabla ya kuzitaja mbio zake.

Lakini nisieleweke vibaya, kwa sababu wakubwa wa vyuo nao wana ujanja wao. Wakisikia neno faragha hulishika kama ngao. Ukiuliza kwa nini uwanja una mashimo, unaambiwa "hatuzungumzii afya ya mwanafunzi". Ukiuliza kwa nini hakukuwa na ambulensi, jibu ni hilo hilo. Hayo si mambo ya afya ya mwanafunzi hata kidogo. Shimo ni la chuo, na ambulensi isiyokuwepo ni aibu ya waandalizi. Mchezaji wa raga aliyegongwa kichwa akayumba kisha akarudishwa uwanjani, mwandishi aandike bila ya woga, maana kanuni za World Rugby zinataka mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo atolewe na asirudi. Aandike alichokiona: aligongwa, aliyumba, alirudishwa baada ya dakika ngapi. Haihitaji karatasi ya hospitali kuthibitisha kwamba benchi halikufuata kanuni. Hapo ndipo maslahi ya umma yanapokaa, na ndipo ningependa kurasa zetu za michezo ziwe kali zaidi.

Watu wengine hutaja sheria ya Marekani ya HIPAA kana kwamba inawafunga wanahabari. Inafunga hospitali, madaktari na kampuni za bima. Kilichonivutia zaidi huko ni kwamba tangu 2023 ligi ya vyuo ya Big Ten huchapisha, kabla ya mechi za mpira wa Kimarekani, orodha ya nani hatacheza na nani ana shaka, bila ya kueleza anaumwa nini. Sababu yao ni kamari: waliokuwa wakibeti waliwasumbua wanafunzi na watu wa karibu nao wakitafuta habari za ndani. Hukumu ya kamari sote tunaijua, na simu za vijana wa Ruiru kama za Mombasa zimejaa programu za kubeti. Habari ya goti ina bei. Mtindo ule wa "yumo au hayumo" ungetufaa hapa, na chuo hakihitaji sheria mpya kuuanza.

Kwa aliyeumizwa na chapisho, kuna milango miwili. Kama aliyechapisha ni chombo cha habari au mwanahabari, malalamiko huenda kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Kama habari ilivuja kutoka chuoni au hospitalini, huenda kwa ODPC, kwa maandishi au hata kwa mdomo, nayo inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Sheria inaruhusu fidia kwa aliyepata hasara. Kabla ya yote, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, saa na jina la ukurasa, kisha mtumie mtu mwengine akuhifadhie. Ukurasa uliomwandika mwana wa dada yangu ulifuta lile chapisho siku ya tatu, dakika chache baada ya kuulizwa.