Makumbusho ya jiji yamo mdomoni mwa konda

"Dampo wapo?" konda anauliza, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya mlango.

"Wapo!" anajibu mama mmoja mwenye kapu, na daladala linavuta pembeni. Mama anashuka mbele ya maduka, bodaboda na meza za matunda. Dampo halionekani, hata harufu yake haipo.

Lakini lilikuwepo. Taka za Dar es Salaam zilimwagwa na kuchomwa hapa Tabata, moshi ukiwaingia watu majumbani, hadi wakazi walipochoka na kuipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, katika kesi ya mwaka 1988. Wakashinda. Taka zikahamishwa, jina likabaki. Kila anayesema "nishushe Dampo" anataja ushindi wa wananchi bila mwenyewe kujua.

Anayetaka kuijua Dar ya zamani huelekezwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ni ushauri mzuri. Ila jiji hili lina makumbusho mengine ambayo kiingilio chake ni nauli tu, na mtembezaji wake ni konda. Hata gari lenyewe lina historia: "dala" ilikuwa shilingi tano, nauli ya mabasi ya watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shilingi tano leo hainunui hata pipi, lakini daladala linaitwa daladala.

Tuendelee na safari. Ubungo sasa kuna barabara za juu za ngazi tatu, zilizozinduliwa mwaka 2021 kwa jina la Kijazi. Jina hilo liko kwenye bango. Abiria yeye anashuka Mataa, kwa heshima ya taa za barabarani zilizomweka kwenye foleni miaka nenda rudi. Mbele kidogo ni Urafiki, penye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Urafiki wa mataifa mawili umekuwa mahali pa kuteremkia na mizigo.

Kariakoo nayo ni Kiingereza kilichofunzwa Kiswahili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, kilipiga kambi hapo. Wapagazi wengi mno walikufa vitani kwa maradhi na uchovu, na kumbukumbu yao kubwa ni neno linalotamkwa kila dakika na watu wanaotafuta bei nafuu. Palipokuwa na mizigo ya vita, mwaka 1975 pakafunguliwa soko lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, lenye paa mithili ya miavuli iliyopinduliwa. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, si jina.

Upande wa Oysterbay, kituo cha Morogoro Stores kilianza kama jina la duka. Nje ya duka hilo, mwishoni mwa miaka ya 1960, picha za Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka Tunduru, ziliuzwa kwa wapita njia. Alichora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze. Wanafunzi wa wanafunzi wake wangali wakichora papo hapo.

Na ukimsikia mtu mzima akitaja Drive-In, jua anazungumzia Msasani ya mwaka 1966, sinema ya wazi ilipofunguliwa, familia zikaenda na magari kutazama picha chini ya nyota. Uwanja huo sasa ni Ubalozi wa Marekani. Pale watu walipokwenda kutazama picha, leo ukitoa simu kupiga picha utaulizwa na mlinzi.

Majina mengi ya namna hii hayakupitishwa na kikao. Yalipitishwa na abiria, konda akayapigia mhuri kwa sauti. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, serikali yenyewe iliyachukua yalivyo: Urafiki, Mwembechai, Magomeni Mapipa.

Tatizo ni kwamba jina linabaki huku kisa chake kikizikwa na wazee. Kijana anashuka Mwembechai kila asubuhi, hajui mwembe ulikuwa wapi wala nani aliuza chai. Jiji lingeweza kulitibu hili kwa gharama ndogo: kibao kimoja kila kituo, mistari mitatu ya maelezo.

Tukisubiri vibao hivyo, Jumamosi hii panda daladala la njia usiyoizoea. Kaa karibu na mtu mzima, mwamkie, na konda akiita kituo, muulize jirani yako huyo kwa nini panaitwa hivyo.