Uhusiano wa Kinasaba na Mtawanyiko wa Nyoka wa Jenasi Lachesis katika Amerika ya Tropiki

Mtawanyiko wa nyoka katika ramani mara nyingi huchukuliwa kuwa kielelezo cha undugu wao: wanaoishi jirani huhesabiwa kuwa ndugu wa karibu, na wanaoishi mbalimbali kuwa ndugu wa mbali. Nyoka wa jenasi Lachesis, wakazi wa misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini, wanaonyesha jinsi dhana hiyo inavyoweza kupotosha.

Lachesis ni wa familia ya Viperidae, ambayo ndiyo familia ya kifutu wa Afrika. Baadhi yao huzidi urefu wa mita 3. Tofauti na kifutu, wana kishimo cha kuhisi joto kati ya jicho na tundu la pua, na hutaga mayai badala ya kuzaa. Linnaeus alimwainisha wa kwanza mwaka 1766 kwa jina la Crotalus mutus, yaani bubu, akimweka pamoja na nyoka wenye njuga mkiani ilhali yeye hana njuga. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wote walihesabiwa kuwa spishi moja, Lachesis muta.

Zamudio na Greene (1997) walichunguza DNA ya mitokondria ya nyoka hao. Mgawanyiko wa kwanza waliouona ni kati ya nyoka wa Amerika ya Kati na wa Kusini, waliotengana kati ya miaka milioni 18 na 6 iliyopita. Waliuhusisha na kuinuka kwa milima ya Andes. Mgawanyiko wa pili unafikirisha zaidi. Nchini Kostarika, L. stenophrys anaishi upande wa Karibi, na L. melanocephala, mwenye kichwa cheusi, anaishi kusini magharibi, upande wa Pasifiki. Kati yao ipo safu ya Talamanca, ambayo kilele chake cha Chirripó hufikia mita 3,820. Nyoka wa nyanda za joto, tena mtaga mayai, hawezi kuvuka baridi ya huko juu. Kutengana kwao kunakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 11 na 4 iliyopita.

Nchini Brazili hali ni kinyume. Msitu wa Amazon na ule wa pwani ya Atlantiki hutenganishwa na nyanda pana za ukame, lakini nyoka wa misitu hiyo miwili hawatofautiani sana kinasaba. Inaelekea misitu hiyo iliwahi kuungana katika vipindi vya unyevu vya Pleistosini. Hivyo basi, safu moja ya milima imetenganisha nyoka kwa muda mrefu kuliko ukame wote huo.

Ushahidi huu una mpaka wake. Mitokondria hurithiwa kwa mama, kwa hiyo hueleza historia ya upande mmoja tu wa nasaba. Peke yake haitoshi kuamua idadi ya spishi. Hata hivyo, rangi na maumbile ya nyoka wa Kostarika yanaafikiana nao, na hoja ya kuwatenga ni nzito. Alipohesabiwa kuwa sehemu ya spishi iliyoenea hadi Brazili, L. melanocephala alionekana kuwa salama. Akihesabiwa peke yake, msitu wake mdogo ndio makazi yake yote. Kwa upande wa tiba, athari ni ndogo zaidi: dawa ya kuzuia sumu inayotengenezwa na Instituto Clodomiro Picado ya Kostarika hutumia sumu ya L. stenophrys, na sumu za jenasi hii zimebaki kufanana sana licha ya nasaba kutengana.