Kimeta: Usiutie kisu mzoga huo!

Ng'ombe alikuwa mzima jana jioni. Alikula, akanywa, akaingia zizini pamoja na wenzake. Alfajiri amekutwa chini, miguu imenyooka, tumbo limefura, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma. Kabla jua halijapanda majirani wamekwisha kufika, na hakosi mmoja aliyekuja na kisu.

"Mzee, mali yote hii iende bure? Tumchune upesi kabla hajaharibika," husema mwenye kisu. "Nyama ikichemshwa sana haimdhuru mtu."

Maneno kama hayo, mpenzi msomaji, yamewalaza watu wengi hospitalini. Ugonjwa wenyewe ni kimeta. Mwaka 2015 wataalamu wa afya na wa mifugo hapa Kenya walipopanga orodha ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama na kuwaingia watu, kimeta ndicho walichokiweka mbele ya yote. Mwaka huo huo, nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru.

Wengi hudhani kwamba hatari yote imo ndani ya nyama. Hawajui kwamba sehemu kubwa ya hatari hiyo huwa bado haijazaliwa ng'ombe anapokata roho. Huzaliwa baadaye, pale pale penye kisu, na wakunga wake ni hewa na joto.

Mdudu anayejifungia

Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya damu ya mnyama ni kiumbe dhaifu. Huzaana kwa wingi wa ajabu, lakini ukimchemsha hufa, na mzoga ukioza hufa pia. Anapotoka nje na kukutana na hewa, huku chakula kikimwishia, hufanya hila yake. Hukausha kiini chake, akakifungia ndani ya maganda magumu, akalala. Hapo huitwa spora. Spora haili, haipumui, haizai. Hungoja tu, na huweza kungoja udongoni kwa miaka mingi.

Waingereza walijionea wenyewe. Mwaka 1942, wakati wa vita, walijaribu silaha ya kimeta katika kisiwa kidogo cha Gruinard, huko Scotland, wakaua kondoo. Kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kumwagiwa dawa kali ya fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari.

Aliyeifumbua siri ya spora za kimeta ni Robert Koch, daktari wa wilaya huko Ujerumani, mwaka 1876. Hakuwa na maabara ya maana. Alichukua majimaji ya jicho la ng'ombe, akatia humo bakteria, akaweka kwenye joto na kuchungulia kwa hadubini saa baada ya saa. Aliona kwamba joto ndilo linaloamua mwendo wa kazi. Kwenye nyuzi 35 za sentigredi, spora zilikuwa tayari kwa muda wa siku moja hivi. Alipopunguza joto hadi karibu na nyuzi 20, zilichukua siku mbili hata tatu. Palipokuwa na baridi kali hazikutokea kabisa.

Sasa pima mwenyewe. Nyuzi 35 ni joto la mchana wa kawaida katika sehemu nyingi za nchi yetu zenye mifugo. Damu iliyomwagika leo asubuhi wakati wa kuchuna huweza kuwa spora kesho wakati kama huo. Mvua huzisomba hadi bondeni, nyasi huota juu yake, na mwaka ujao, au miaka kumi ijayo, ng'ombe wa mtu mwingine hulisha hapo.

Mzoga ambao haukupasuliwa una habari tofauti. Ndani yake hakuna hewa, kwa hiyo bakteria hawawezi kufanya spora. Joto lile lile la mchana huharakisha kuoza, na kuoza huwaua kwa siku chache tu. Kwa maneno mengine, jua linalomsaidia mdudu nje ya ngozi ndilo linalomwangamiza ndani yake. Kisu ndicho kinachomtoa upande mmoja na kumtia upande wa pili.

Kuku wa Pasteur

Joto likizidi pia, mambo hugeuka. Mfaransa Louis Pasteur alishangaa kwa nini kuku hawashikwi na kimeta kwa urahisi. Damu ya kuku ina joto kuliko yetu, kama nyuzi 41 au 42. Mwaka 1878 akamdunga kuku kimeta, akamsimamisha miguu ndani ya maji baridi. Kuku akafa. Mwingine alipoanza kuugua alitolewa majini akapashwa joto, naye akapona. Wakubwa wa chuo cha tiba cha Paris waliletewa kuku hao wawatazame, maana kulikuwa na mbishi mmoja asiyetaka kusadiki.

Baadaye Pasteur na wenzake waliwaotesha bakteria kwenye nyuzi 42 hadi 43. Walikua, ila hawakuweza kufanya spora. Na baada ya siku nane hivi, ukali wao ulikuwa umepungua sana. Ikawa njia ya kutengeneza chanjo. Sababu yake ilikuja kueleweka miaka ya 1980: sumu ya kimeta imeandikwa katika kipande kidogo cha urithi ambacho bakteria hukipoteza akikaa kwenye joto hilo.

Mei 1881, huko Pouilly-le-Fort, kondoo 24 na mbuzi mmoja walichanjwa, na idadi kama hiyo wakaachwa. Wote wakadungwa kimeta kikali. Tarehe 2 Juni watu walimiminika kutazama. Wasiochanjwa walikufa wote kabla siku haijaisha. Waliochanjwa walisalimika, isipokuwa kondoo mmoja mwenye mimba aliyekufa baadaye. Sifa zote alizipata Pasteur, ingawa daftari zake zilikuja kuonyesha kwamba chanjo ya siku hiyo ilikuwa ya msaidizi wake, Chamberland, aliyetumia kemikali. Hata wakubwa wana yao.

Chanjo inayotumika siku hizi ilitokana na kazi ya Max Sterne huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Hii ni ya spora zenyewe, za aina isiyoweza kuua, na kwa kuwa ni spora hudumu vizuri. Mfugaji wa Kenya huipata pamoja na ile ya chambavu.

Na ile habari ya kuchemsha? Sufuria ya nyumbani hufika nyuzi 100 tu. Maabara zinapotaka kuua spora hutumia mvuke wa nguvu wa nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15. Tena, uchunguzi wa bakteria wa ukoo huo umeonyesha kwamba spora zilizoundwa penye joto huvumilia moto kuliko zilizoundwa penye baridi, kwa kuwa huwa na maji machache ndani. Hata nyama ikiiva, aliyeichuna amekwisha kushika damu. Siku chache baadaye hutokewa na kipele mkononi, kisichouma, kikageuka kidonda chenye kigaga cheusi. Huyo akimbilie hospitali, kwa maana dawa ipo na hutibu ikiwahiwa.

Mzee wa zizi afanye nini basi? Awafukuze mbwa na watoto, afunike mzoga ili tai wasiutoboe, amwite daktari wa mifugo. Mzoga utachomwa moto au kuzikwa shimo refu la kama mita mbili, pamoja na udongo ulionyweshwa damu. Ng'ombe waliobaki watachanjwa.

Daktari naye hatapasua. Atadunga mshipa wa sikio, achukue tone la damu alipake kwenye kioo, kisha azibe tundu hilo kwa pamba yenye dawa. Tone hilo ndilo atakalolitia rangi na kulitazama kwa hadubini.