Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kutoa Fedha



Kila ifikapo mwezi wa Oktoba, matangazo ya matairi yaliyokwisha kutumika huanza kumiminika: manne pamoja na rimu zake, inchi 15, bei ya maelewano. Familia yenye watoto watatu, kodi ya nyumba na tiketi za treni za kila mwezi hulitazama tangazo kama hilo kwa matumaini, wala hakuna aibu katika hilo, maana seti mpya ya matairi ya baridi ni mzigo mzito. Hata hivyo, maneno «inchi 15» hayatoshi kukuambia kama matairi hayo yatalifaa gari lako. Yanataja jambo moja tu, nalo ni kipenyo cha rimu. Ni sawa na kumnunulia mtoto suruali kwa kujua kiuno pekee, bila kuuliza urefu wa miguu.

Tuanze na sheria, kwani yenyewe haimngoji mtu ajifunze. Tangu mwaka 1999, Uswidi inayataka magari madogo yawe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, endapo barabara ina theluji, barafu, tope la theluji au umande ulioganda katika sehemu yake yoyote. Kashata za matairi hayo zisipungue milimeta 3. Kwa matairi ya kiangazi kima cha chini ni milimeta 1.6. Tairi la baridi lisilo na misumari sharti liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake, ambazo zamani zilitosha, hazitoshi tena tangu tarehe 1 Desemba 2024. Kwa hiyo seti ya bei nafuu iliyokaa ghalani kwa miaka mingi yaweza kuwa na kashata nene na bado isikubalike. Ama matairi ya misumari, yaani dubbdäck, yanaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 15 Aprili, lakini anayekwenda kazini mjini akumbuke kwamba Hornsgatan imeyapiga marufuku tangu mwaka 2010.

Sasa tuusome ubavu wa tairi. Chukua mfano wa maandishi haya, ambayo yamo katika magari mengi ya familia: 195/65 R15 91T. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimeta. Namba ya pili, 65, ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa kuwa si milimeta wala inchi. Ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana. R yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na leo karibu kila tairi la gari dogo ni la aina hiyo. Kisha 15, kipenyo cha rimu kwa inchi. Angalia basi jinsi mstari mmoja ulivyochanganya vipimo vya namna tatu. Aliyeupanga hakuwahi kufundisha hesabu darasa la sita.

Tukitaka kujua kimo cha gurudumu zima, twafanya hesabu ndogo. Asilimia 65 ya 195 ni 126.75. Ubavu uko juu na chini, hivyo twazidisha kwa mbili: 253.5. Inchi 15 ni sawa na milimeta 381. Jumla ni milimeta 634.5. Sasa tazama tairi lenye namba 205/55 R16. Rimu ni kubwa zaidi na upana umeongezeka, lakini ubavu umepungua, na jumla yake ni milimeta 631.9. Kimo ni kile kile kwa tofauti ya chini ya milimeta 3. Ndiyo sababu gari moja laweza kuidhinishwa kwa saizi zote mbili. Lakini 205/65 R15, yenye rimu ile ile ya inchi 15, hufikia milimeta 647.5. Limezidi kwa asilimia 2: dira ya mwendo ikionyesha 100, wewe kwa kweli wakimbia 102. Tena gurudumu kubwa mno laweza kukwaruza madigadi pale usukani unapokatwa hadi mwisho, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Upande wa pili kuna hatari ya rimu ndogo mno: gari lenye breki kubwa huenda lisiipokee kabisa.

Namba za mwisho, 91T, hazisomwi na wengi, nazo ndizo zinazohusu watoto waliokaa nyuma. 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. 88 ni kilo 560. T ni mwendo wa juu wa kilometa 190 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito ambayo gari lako linadai, hata kama saizi nyingine zote zimelingana. Magari ya umeme, kwa sababu ya uzito wa betri, mara nyingi hudai namba kubwa kuliko ndugu zao wa petroli wenye umbo lile lile.

Wengi wetu tulijifunza udereva katika nchi ambako tairi huhukumiwa kwa jicho na kwa teke la kiatu. Waliokulia Tanzania watayakumbuka matairi ya General Tyre yaliyotengenezwa Arusha hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2009; wenzetu wa Kenya watakumbuka Yana. Tairi likizeeka lilitiwa viraka, na likifa kabisa lilizaliwa upya likiwa katambuga, au akala kama wasemavyo Wakenya. Sidharau maarifa yale. Yalikuwa ya nchi isiyo na barafu.

Jambo gumu zaidi ni rimu, kwa kuwa kasoro yake haionekani. Rimu mbili za inchi 15, zote zenye matundu matano, zaweza kutofautiana katika duara linalopita katikati ya matundu hayo. Volvo nyingi hutumia milimeta 108. Saab nyingi, pamoja na baadhi ya Opel, hutumia 110. Tofauti ni milimeta 2, yaani kila tundu limesogea kwa milimeta 1 tu kutoka kitovuni. Mtu akilazimisha, bolti zitaanza kuingia, gurudumu litaonekana limekaa, naye atafurahi kwamba ameokoa fedha. Kumbe bolti zimekaa upande, hazikubani inavyotakiwa, na kwenye E18 zitaanza kulegea moja baada ya nyingine. Kuna pia tundu kubwa la katikati linalokaa juu ya habu, na kipimo kinachoandikwa ET, kinachoonyesha gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani. Vipimo hivi mara nyingi vimechongwa nyuma ya rimu. Muuzaji asiyekuruhusu kuigeuza rimu uitazame, mwachie mali yake.

Kabla ya kwenda kununua, fungua mlango wa dereva: magari mengi yana kibandiko chenye saizi na kiasi cha upepo. Tazama pia hati ya usajili, registreringsbevis. Ukimpa fundi wa matairi namba ya gari, atakutolea saizi zinazokubalika, na swali hilo kwa kawaida hulipii. Kisha angalia umri. Karibu na herufi DOT kuna namba nne za mwisho: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira wa tairi la baridi huwa mgumu kadiri unavyozeeka, na mpira mgumu haushiki barafu hata kashata zikiwa na kina cha kuridhisha.

Wenye magari mapya yaliyouzwa tangu Novemba 2014 wana jambo la ziada. Magari hayo sharti yawe na mtambo wa kumwonya dereva upepo ukipungua, na katika aina nyingi kipimo chake kimo ndani ya gurudumu lenyewe. Ukinunua rimu zisizo na vipimo hivyo, taa ya dashibodi itawaka na kubaki imewaka.

Magurudumu yakishafungwa, endesha maili za Kiswidi tano hivi, yaani kilometa 50, kisha uzikaze bolti tena. Spana ya msalaba yatosha kwa kazi ya njiani, lakini spana inayopima nguvu ni bora zaidi, na jengo zima laweza kuchangia kununua moja.