Likizo ya Yoga Gisenyi: Mwezi Upi Ufaao?

Mwanajeshi au polisi huomba likizo yake mapema, naye akishapangiwa mwezi si rahisi kuubadili. Kwa hiyo familia inayokusudia kwenda Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kwa mapumziko ya yoga, haina budi kuyajua majira ya nchi ile kabla ya barua ya maombi kuandikwa. Likizo ikiharibika, maji yamekwisha kumwagika.

Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi. Jina lake latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, kwani hukusudia mwili, pumzi na fikra vifanye kazi pamoja. Haitaki mashine wala gharama kubwa: mkeka, hewa safi na utulivu vyatosha. Gisenyi ina utulivu huo. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake vilima vimepandana. Jua lake si kali kama la pwani, na alfajiri hutaka sweta.

Majira manne

Wanyarwanda huugawa mwaka katika majira manne. Impeshyi, kiangazi kirefu, huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Huu ndio wakati bora kwa watu wengi: ardhi ni kavu, njia za vilimani hupitika, na mazoezi ya nje hayakatizwi na mvua. Siku ya Yoga Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015, nayo huangukia tarehe 21 Juni. Tena Julai na Agosti shule huwa zimefungwa, basi watoto waweza kufuatana na wazazi.

Lakini kiangazi kina kasoro yake. Vumbi na moshi hutanda hewani, na milima hujificha nyuma ya ukungu mkavu. Mwenye pumu au kifua chepesi atafanya vyema kuchagua urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Hewa wakati huo imekwisha kuoshwa na mvua, na milima huonekana vizuri zaidi, ingawa manyunyu hayakosekani.

Umuhindo ni mvua za kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Aliyepangiwa likizo miezi hiyo asikate tamaa: afanye mazoezi asubuhi, kwani mvua hupenda kunyesha alasiri, na atafute mahali penye ukumbi ulioezekwa.

Miezi ya kuepukwa

Itumba, masika ya Machi hadi Mei, ndiyo majira ya kuepukwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 walifariki. Mto Sebeya, unaopita Rubavu kuelekea Ziwa Kivu, ulifurika na kuharibu nyumba nyingi. Bonde linalopendeza Julai laweza kuwa mauti mwezi Mei.

Isitoshe, tarehe 7 Aprili Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wiki ile ni ya maombolezo, na mgeni mwenye adabu haendi kwa anasa nyumba yenye msiba.

Hatari zisizojua majira

Mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, nao hauchagui mwezi. Ulilipuka tarehe 22 Mei, 2021, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara hata Gisenyi. Januari 2025, vita vya Goma vilipopamba moto, makombora yaliangukia upande wa Rubavu. Kwa hiyo habari za mpaka na za mlima zisikilizwe kabla ya safari.

Iko pia hewa iitwayo mazuku, ijulikanayo sana upande wa Goma na Sake. Ni gesi ya kaboni itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, na huua bila onyo. Mkeka usitandikwe shimoni. Utandikwe mahali palipoinuka, penye upepo, na wenyeji waulizwe kwanza.

Familia yenye afya, basi, iombe Julai au Agosti. Mwenye kifua chepesi aombe Januari au Februari. Aliyepewa Aprili au Mei aiache Gisenyi kwa mwaka huo na kutandika mkeka wake nyumbani. Pumzi ni ile ile, na watoto watakuwa salama.